Kwa nini afisa uhusiano mwanamke hudhaniwa ameajiriwa kwa sura yake?

Mtaje mwanamke anayefanya kazi ya uhusiano wa umma, na wengi watamwazia akiwa mlangoni, amependeza, anatabasamu, anapokea wageni. Wachache watamwazia saa nane usiku akiandika taarifa ya kujibu kashfa itakayotoka magazetini asubuhi, au akimweleza mkurugenzi kwamba kuukana ukweli kutaliponza shirika zima. Kumbe hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Si kwamba wanawake wameingia juzi. Mwaka 1919, Edward Bernays, ambaye wengi humwita baba wa taaluma hii, alimwajiri mwandishi wa habari Doris Fleischman katika ofisi yake mpya mjini New York. Walioana mwaka 1922 na wakawa wabia. Fleischman aliandika, alishauri na kubuni mipango, lakini mbele ya wateja aliyezungumza ni Bernays, kwa kuwa ilihofiwa kwamba wazo likijulikana limetoka kwa mwanamke lingedharauliwa. Jina lililovuma likawa la mume.

Baadaye wanawake waliongezeka, na nchini Marekani wakawa wengi kuliko wanaume katika fani hii. Ubaguzi haukuondoka. Mwaka 1986 utafiti wa chama cha wanamawasiliano, IABC, uliielezea hali yao kuwa ni geto la mahameli: mahali laini pa kukaa, ila pamezungushiwa ukuta.

Ukuta huo hujengwa kwa sifa, na hapo ndipo penye hatari. Watu husema wanawake wamezaliwa na kipaji cha kuongea na watu. Lakini ujuzi ukishageuzwa kuwa maumbile, hakuna anayeona sababu ya kuulipia. Mwanamke akimtuliza mwanahabari aliyekuja na hasira, husemwa ni mpole. Mwanamume akifanya vilevile, husemwa ni mtaalamu wa migogoro. Naye mwanamke akishikilia msimamo, sifa ya upole hufutwa mara moja, huitwa mkali. Huo ni uonevu wa wazi, hata pale asemaye amekusudia mema.

Dhana hii huamua hata nani apewe kazi gani. Hafla, mapambo na orodha ya waalikwa humwendea yeye, "maana anajua kupanga vitu". Bajeti, mkakati na vikao vya wakuu huenda kwa mwenzake wa kiume. Miaka hupita hivyo, na nafasi ya ukuu wa idara inapotangazwa, mwanamke huambiwa hana uzoefu wa mikakati. Uzoefu huo angeupata wapi? Haukosi kwa uzembe wake, amenyimwa.

Hata chama cha wanataaluma wa uhusiano wa umma nchini Marekani, PRSA, kilichoanzishwa mwaka 1947, hakikuwa na rais mwanamke hadi Betsy Plank aliposhika uongozi mwaka 1973.