"Haiumi, sasa kwa nini niiamshe?" na mengine ninayosikia kabla ya oparesheni ya figo

Naandika nikiwa nimechoka kidogo kwa hiyo mnivumilie. Mimi ni nesi, kazi yangu ni kuwaandaa watu wanaosubiri oparesheni ya figo, na wengi wao wana kansa ambayo hata hawakuwa wanaitafuta. Mtu alienda kupiga altrasaundi ya nyongo, au tumbo linajaa gesi, au aliteleza kwenye ngazi akapigwa siti skani, mpimaji akakuta kitu kwenye figo. Zaidi ya nusu ya kansa za figo siku hizi zinaonekana hivyo hivyo, kwa bahati. Kwa hiyo mtu kaingia na shida ya nyongo katoka na neno kansa, na kabla halijamwingia vizuri kichwani anaambiwa atakatwa. Hofu yake naielewa kabisa. Ninachoshindwa kuvumilia ni yale anayoambiwa akifika nyumbani, na moja hasa nimelisikia tena wiki hii, maneno yaleyale utadhani wamekaririshwa.

"Haiumi, sasa kwa nini niiamshe kwa kisu?"

Hapo kuna makosa mawili yamebebana. La kwanza ni kwamba kansa ya kweli lazima iume. Figo haiko hivyo jamani. Nyama ya figo yenyewe haina hisia ya maumivu, kinachouma ni ile ngozi nyembamba inayoifunika ikivutwa, au njia ya mkojo ikiziba, ndo maana kijiwe kidogo tu kinamliza mtu mzima wakati uvimbe wa sentimita 5 umekaa kimya hauna habari na mtu. Tena figo iko nyuma kabisa, karibu na uti wa mgongo, imezungukwa na mafuta, uvimbe una nafasi ya kukua muda mrefu bila kusukuma kitu utakachokihisi. Zile dalili tatu tulizofundishwa darasani, damu kwenye mkojo, maumivu ya ubavu na uvimbe unaoshikika kwa mkono, wanaokuja nazo zote kwa pamoja siku hizi hawafiki 1 kati ya 10, na mara nyingi hao ndio ugonjwa umeshafika mbali. Kwa hiyo ukiniambia "nikianza kuumwa nitakuja" unaniambia utakuja ukiwa umechelewa, ila hujajua kwamba ndicho ulichosema.

Halafu inatolewa karatasi ya vipimo vya damu, imekunjwa vizuri. Kreatinini ya kawaida, mkojo safi, sasa hiyo kansa iko wapi? Kreatinini inaonyesha figo zinavyochuja, haionyeshi kama kuna uvimbe. Una figo mbili, uvimbe umekaa kona moja ya figo moja, sehemu yote iliyobaki inachuja bila shida, majibu yatakosaje kuwa mazuri? Hakuna kipimo cha damu cha kawaida cha kukuambia una kansa ya figo au huna. Picha ndizo zinazosema, hasa siti skani ile ya kuchomwa dawa mshipani, kwa sababu uvimbe wenye nyama na mishipa yake unang'aa dawa inapopita na uvimbe wa maji haung'ai. Kama bado una wasiwasi na ripoti, omba CD ya picha, mpelekee daktari mwingine wa njia ya mkojo aisome upya, hakuna atakayenuna, na akinuna hilo ni lake. Maoni ya pili ni haki yako. Miezi 6 ya kusikilizia kama itaanza kuuma si maoni ya pili.

Kosa lingine ni hilo la kisu. Eti tumbo likifunguliwa, hewa ikiigusa kansa, inakasirika inasambaa mwili mzima. Na kila anayesema ana ushahidi. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, jirani yetu alikuwa anatembea mwenyewe, wakampasua, baada ya miezi 3 tukamzika." Sikumbishia maana inawezekana kabisa ilitokea. Ila sikilizeni inavyotokea. Kabla siti skani hazijaingia miaka ya 1970 na kuenea baadaye, daktari alikuwa hana namna ya kuona vizuri ndani, alikuwa anafungua ndo anakuta ugonjwa umeshafika kwenye ini na kila mahali, anafunga. Mgonjwa anakufa kwa ugonjwa aliokuja nao lakini familia inakumbuka mpangilio tu: alipasuliwa, akafa. Hata leo wapo ambao chembe zimeshatoroka kwenda kwenye mapafu kabla ya oparesheni, ndogo kiasi kwamba hakuna picha inayoziona, zinakuja kuonekana mwaka mmoja baadaye na lawama zote anabebeshwa aliyeshika kisu.

Na hiyo hewa sasa. Figo zako mbili zinapokea karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, kila dakika, damu iliyojaa oksijeni. Uvimbe uko humo humo, unapata hewa tangu siku ulipoanza, hewa ya chumba cha oparesheni itauongezea nini ambacho haujapata? Na kwa taarifa yenu, kwenye oparesheni ya matundu madogo tumbo halijazwi hata hewa ya kawaida, linajazwa gesi ya kabonidayoksaidi ili daktari apate nafasi ya kuona.

Kinachofanyika ni hivi. Kama figo inatolewa yote, mshipa unaoingiza damu unafungwa, na ule unaotoa damu unafungwa, kisha figo inatolewa pamoja na mafuta yake bila kuuchanachana uvimbe. Kwa matundu inaingizwa kwenye mfuko ndani kwa ndani ndo inatolewa, na hilo si jambo jipya, Ralph Clayman na wenzake walipotoa figo kwa matundu kwa mara ya kwanza kule St. Louis, Marekani, mwaka 1990, waliiweka kwenye mfuko. Kama inatolewa sehemu tu, wanakata na ukingo wa nyama nzima kuzunguka uvimbe, halafu maabara wanaangalia ule ukingo kama umetoka safi. Sisemi oparesheni haina hatari. Kuna kutoka damu, kuna maambukizi, kuna damu kuganda miguuni, na ukikatwa sehemu ya figo mkojo unaweza kuvuja kwa muda. Hizo ndizo za kumuuliza daktari, muulize yeye mwenyewe anaziona mara ngapi. Ila ya hewa muiache.

Mnajua kinachosambaza? Kuiacha. Kansa ya figo ina tabia ya kuingia kwenye mshipa wa figo wenyewe, inapanda kwenye mshipa mkubwa wa tumboni, na kwa baadhi ya watu inafika mpaka ndani ya moyo. Hapo oparesheni ambayo ingekuwa ya matundu inageuka kuwa ya kuita na timu ya moyo. Kwa takwimu za Marekani, waliogundulika kansa ikiwa bado ndani ya figo, zaidi ya asilimia 90 wanavuka miaka 5, na waliogundulika ikiwa imeshasambaa mbali ni chini ya asilimia 20. Sasa wewe umeikuta mapema bila hata kuitafuta, bado hujisikii mgonjwa, mapafu mazuri, unakula, unatembea, yaani uko kwenye hali ambayo kila daktari wa usingizi anaiombea, halafu unataka kusubiri mpaka uwe dhaifu ndo ukatwe?

Haya, yaliyobaki nayapitia haraka.

"Basi nikatwe kesho, kila siku inasambaa"

Hawa ni upande wa pili, na najua kuna mtu atasema najipinga. Sijipingi. Uvimbe mdogo wa figo, wa chini ya sentimita 4, kwa wastani unakua milimita chache kwa mwaka. Kwa mwaka! Wazee au wenye magonjwa mengine mazito wakati mwingine tunawafuatilia kwa picha tu bila kuwakata kabisa, na huo nao ni mpango halali, unaandikwa na unakuwa na tarehe zake, si kukaa nyumbani ukimeza majani. Kwa hiyo wiki chache za kusubiri zamu, kuweka presha sawa, kupiga picha ya kifua, kwa wengi hazibadilishi kitu. Wenye uvimbe mkubwa au ulioingia kwenye mshipa tunawasogeza mbele, na ukiona damu kwenye mkojo wakati unasubiri piga simu siku hiyohiyo. Usiposikia chochote kuhusu tarehe yako pia piga simu. Mafaili yanapotea, nasema kwa uzoefu.

"Usiwaze, ukiwaza inakua"

Hili linaniuma kwa namna nyingine, maana linasemwa na watu wenye upendo. Mgonjwa ameambiwa ana kansa, analia, halafu shangazi na marafiki wanamwambia futa machozi, unaipa nguvu. Sasa ana mizigo miwili, anaogopa kansa na anaogopa kuogopa. Akishtuka saa 9 usiku moyo unamdunda anadhani uvimbe umeongezeka kwa sababu yake. Uvimbe haukui kwa sababu umelia. Lia. Kasirika. Ukitaka kusali sali, ukitaka kunyamaza siku mbili nyamaza. Kinachotuhusu sisi ni kama hulali kabisa siku nyingi, huli, unakunywa pombe ili usinzie, au unafikiria kujidhuru. Hayo tuambie, yana msaada wake na hayatakufutia oparesheni.

Ushauri wangu ambao wenzangu wananicheka nao, nunua daftari. Si simu, daftari. Kila swali linalokujia usiku andika, asubuhi lifunge. Ukija kliniki njoo nalo pamoja na mtu mmoja tu wa kusikiliza na kuandika majibu, kwa sababu ukishasikia neno kansa masikio yanafunga na nusu ya maelezo hayaingii. Na huyohuyo mmoja ndiye awe msemaji kwa ukoo mzima. Nimeona wagonjwa wanachoka kwa simu za pole kuliko kwa ugonjwa. Yale magrupu ya WhatsApp toka mpaka upone, nitakuandikia cheti ukitaka.

"Figo moja maana yake ni kuwekwa kwenye mashine"

Hapana. Wanaotoa figo kuwapa ndugu zao wanaishi na moja, na kuna watu wamezaliwa na moja hawajui mpaka siku wapigwe altrasaundi. Inayobaki inatanuka na kuongeza kazi. Wanaohitaji uangalifu zaidi ni wenye kisukari, presha, au kreatinini ambayo tayari ilikuwa imepanda, ndo maana uvimbe ukiwa mdogo na uko mahali pazuri daktari anapendelea kukata sehemu tu na kuiacha figo. Swali la kuuliza ni "kwangu inawezekana kukata sehemu, na kama haiwezekani ni kwa nini?" Liandike kwenye daftari.

"Wananikata bila kuchukua kinyama?"

Kinyama ni kipande kidogo cha uvimbe kinachochukuliwa kwa sindano kikapimwe maabara. Na ndiyo, mara nyingi unakatwa bila hicho, na si uzembe. Picha nzuri inaonyesha vya kutosha, na majibu ya kinyama mara nyingi hayabadilishi mpango. Ni kweli pia kwamba kati ya uvimbe mdogo unaotolewa, kama 1 kati ya 5 maabara inakuta haukuwa kansa, kwa hiyo una haki ya kuuliza kama kinyama kingesaidia kwako. Kinachukuliwa zaidi pale picha zinapochanganya, au mkitaka kuuunguza uvimbe ndani kwa ndani badala ya kuukata, au kuna dalili umesambaa na dawa inatakiwa kuchaguliwa. Na sindano kusambaza kansa ya figo ni tukio la nadra sana.

"Nipeni kemo tu, kisu sitaki"

Kansa ya kawaida ya figo haisikii kemo za zamani, ndo hivyo. Kuna dawa za vidonge na za kuamsha kinga ya mwili zinazosaidia sana ugonjwa uliosambaa, ila kwa uvimbe uliokaa ndani ya figo na mtu mwenye afya ya kukatwa, hazichukui nafasi ya oparesheni.

"Nikinywa maji mengi naisafisha"

Haioshwi, haiko kwenye mkojo, iko kwenye nyama. Kunywa maji ya kawaida yako.

"Dawa za asili hazihesabiki kama dawa"

Zinahesabika kwangu. Baadhi zinaharibu figo, na vidonge vya kitunguu saumu au vya ginko (mmea wa dawa) vinaweza kuongeza kutoka damu, sawa na aspirini na dawa nyingine za kuyeyusha damu ambazo daktari lazima akuambie lini usimamishe na lini uendelee, usijiamulie mwenyewe. Diklofenaki na ibuprofeni za kununua kiholela kwa ajili ya mgongo, hizo nazo weka pembeni mpaka umuulize daktari, figo zinazichukia. Sigara acha leo, hata wiki chache kabla ya nusu kaputi zinasaidia mapafu na kidonda. Na kila unachomeza, majani, unga, vidonge, chupa isiyo na jina, weka kwenye mfuko uje nao siku ya kuandaliwa. Daktari wa usingizi hatakugombeza. Mimi naweza kugomba kidogo, lakini lete.