Acheni kui-fwrite strakti nzima nzima

Jamani, kila nikiletewa kodi ya C inayosoma au kuandika faili nakuta imani ileile, eti strakti (fildi kadhaa za data zilizofungwa pamoja) ilivyo kwenye memori ndivyo itakavyokaa kwenye faili, unapiga fwrite (ya kuandika baiti kwenye faili) na sizeof (ya kujua strakti ni baiti ngapi), umemaliza. Hujamaliza.

Chukua heda (sehemu ya mwanzo) ya BMP, faili ya picha. Kwenye faili ni baiti 14: "BM", saizi ya faili baiti 4, akiba mbili za baiti 2 kila moja, halafu baiti 4 za kusema pikseli zinaanzia wapi. Sasa iandike kama strakti ya uint16_t, uint32_t, uint16_t, uint16_t, uint32_t halafu uliza sizeof, kompaila za kawaida zinakujibu 16, maana uint32_t inatakiwa ikae kwenye adresi inayogawanyika kwa 4 kwa hiyo zimechomekwa baiti 2 za padingi (za kujazia nafasi tu) baada ya "BM". Ukii-fread hiyo, yaani ukisomea faili moja kwa moja ndani ya strakti, vyote vinavyofuata vinasogea. Picha ambayo pikseli zake zinaanzia baiti ya 54 inakwambia zinaanzia 2621440! Na mtu anakuja kulalamika faili imeharibika. Faili ni nzima, hiyo ni 40 ya mwanzo wa heda inayofuata, imesogea baiti mbili ikawa 40 × 65536, imemezwa na fildi isiyo yake.

Mtu atasema, "Basi naweka pragma pack(1)," yaani amri ya kuzuia padingi. Sawa, padingi imeondoka. Mpangilio wa baiti je, maana kuna mashine zinazotanguliza baiti ndogo na zinazotanguliza kubwa? Na long, aina ya namba kamili, ambayo ni baiti 4 kwenye Windows ya biti 64 na 8 kwenye Linux ya biti 64? Halafu mnachukua pointa ya fildi iliyokaa kombo (kwenye adresi isiyogawanyika inavyotakiwa), kompaila ya GCC inawaonya, mnazima onyo.

"Mashine ni ileile." Strakti ya int ikifuatwa na double, Linux ya x86 (prosesa za Intel na AMD): kompaili kwa biti 32 upate baiti 12, kwa biti 64 upate 16. Mashine moja hiyohiyo.

"Kompaila itapanga fildi yenyewe." C hairuhusu. Strakti ya char, int, char ni baiti 12, ukitanguliza int ni 8.

"Padingi ni sifuri tu." Ni chochote kilichobaki hapo kwenye memori, hata kipande cha paswedi, na umeshamtumia mteja faili.

Mimi ushauri wangu ni uleule, andika fildi moja moja, v ikiwa thamani yake na buf ikiwa baiti za kuandika: buf[0] = v & 0xff, buf[1] = (v >> 8) & 0xff, hivyo hivyo mpaka baiti ya nne. Mnasema ni ndefu, mistari minne jamani, iweke kwenye fanksheni mara moja, na GCC au Clang za sasa ukiwasha -O2 (ya kuharakisha kodi) mara nyingi zinaiunganisha kuwa instraksheni moja.