Je, wajua? Goti halinyooki lakini shida inaweza isiwe msuli unaolaumiwa

Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo, yaani ubongo uliumia mapema ukawa hauongozi misuli vizuri, wakitembea utaona magoti hayanyooki, wanaenda kama wamechuchumaa nusu, inachosha mno, na mtoto akizidi kurefuka na kuongezeka uzito ndo inakuwa ngumu zaidi. Jeraha la ubongo lenyewe haliongezeki, ila misuli na mifupa inaendelea kubadilika.

Zamani jibu la haraka lilikuwa hivi, goti halinyooki basi misuli ya nyuma ya paja ni mifupi, irefushwe kwa upasuaji. Wapo waliopata nafuu kabisa, wapo waliobaki vilevile, na wengine goti likaanza kurudi nyuma kupita kiasi. Kwa nini operesheni ileile imsaidie huyu imharibie yule?

Hapo ndo kompyuta ikaingia. Mtoto anabandikwa vitufe vidogo vinavyoakisi mwanga, kiunoni, gotini, kifundoni, anatembea huku kamera zimemzunguka, sakafuni kuna mizani inayopima anakanyaga kwa nguvu kiasi gani, na sensa za ngozini zinasoma umeme wa misuli. Data zote zinaingia kwenye modeli ya kompyuta ya mifupa na misuli iliyorekebishwa iendane na umbo lake. Programu maarufu ya kazi hii ni OpenSim, ya timu ya Scott Delp pale Stanford, Marekani, ilitoka 2007 na ni ya bure.

Sasa cheki watafiti walichokuta. Misuli ya nyuma ya paja inapita kwenye nyonga na kwenye goti pia, kwa hiyo goti likikunjika msuli unafupika lakini nyonga nayo ikikunjika msuli unavutwa, na mtoto huyu vyote viwili vimekunjika. Walipopiga hesabu, watoto wengi wa aina hii urefu wa misuli hiyo wakati wa kutembea ulikuwa wa kawaida tu au hata zaidi. Yaani ungekata na kurefusha kitu ambacho hakijafupika!

Kingine kilichonishangaza zaidi, kuna msuli wa ndani wa kigimbi ambao haugusi goti kabisa lakini unalinyoosha, kwa sababu mguu ukiwa chini unauzuia mfupa wa goko usianguke mbele. Ndo maana kano ya kisigino ikirefushwa kupita kiasi msuli huo unadhoofika na mtoto anaweza akaanza kuchuchumaa.

Ila modeli nazo zina mipaka yake, nyingi zimeanzia kwenye vipimo vya watu wazima wakati mtoto huyu fupa lake la paja mara nyingi limejipinda, ndo maana wengine wanatumia picha za MRI, zinazoonyesha ndani ya mwili, kutengeneza mifupa yake mwenyewe. Kigumu kuliko vyote ni kujua ubongo utaiendeshaje misuli baada ya operesheni, kwa hiyo majibu ya kompyuta bado yanasomwa pamoja na daktari kumshika mtoto miguu kwa mikono yake na kumwangalia anavyotembea.