Je, wajua kwa nini kamera ya filamu ya 4x5 (ile kubwa, inayotumia filamu ya inchi 4 kwa 5) inakosa fokasi wakati kwenye kioo chake cha nyuma uliiona iko sawa?

Kwa muda mrefu nililaumu lenzi. Napiga potreti kwa f/5.6, tundu la lenzi likiwa wazi, macho yanatoka na ukungu, nikilibana hadi f/32 picha inatoka safi, basi nikaamini kabisa lenzi ile ikifunguliwa haifai na nikawa nawaambia wenzangu hivyo hivyo. Sio kweli. Kubana tundu hakuondoi kosa, kunalificha tu: kwa f/5.6 filamu ya 4x5 inavumilia fokasi ikosee kama nusu milimita mbele au nyuma, kwa f/22 inavumilia milimita 2 na ushee. Kosa liko palepale, halionekani tu.

Kosa lenyewe linakaa nyuma ya kamera. Unaweka fokasi kwenye kile kioo kilichoparuzwa upande mmoja kama cha dirisha la bafu, halafu unachomeka holda (kibebeo bapa cha filamu), na filamu inatakiwa ikae palepale ulipokuwa ule uso ulioparuzwa. Fikiria fundi cherehani anayempima mteja kwa futi iliyokatika mwanzoni, halafu kitambaa anakipima kwa futi nzima. Macho yake makini, mkono hautetemeki, na bado kila nguo inakosea kwa kiasi kilekile, na umnunulie mkasi mpya haisaidii kitu. Kioo na filamu ndo futi zile mbili, na lenzi ndo mkasi.

Mara nyingi kioo kimegeuzwa baada ya kusafishwa. Upande ulioparuzwa lazima uangalie lenzi. Kioo cha milimita 2 kikigeuzwa, fokasi inahama kama milimita 1.3 (sio 2 kamili, mwanga unapinda ndani ya kioo), na kwa lenzi ya 150mm, mtu akiwa mita moja na nusu, fokasi inarudi nyuma yake kama sentimita 12! Kwenye negativu yangu kope zilikuwa zimeyeyuka ila nywele za nyuma ya sikio unazihesabu moja moja. Lenzi mbovu haichori nywele hivyo.

Ila kama hakuna chochote kilichotoka kikali popote kwenye picha, hiyo kesi nyingine, huenda kamera ilitikisika, anza na tripodi.

Kupima ni rahisi: vua fremu ya nyuma, gusa kioo upande unaoangalia lenzi, ukiwa laini basi kimegeuzwa. Kama hakijageuzwa, hakikisha kiko usawa mmoja na filamu: laza rula juu ya fremu upande huohuo, shusha kijiti cha meno mpaka kiguse kioo, weka alama kwenye kijiti usawa wa rula. Rudia na holda yenye filamu ya kutupa, alama zinatakiwa zilingane. Changu kilikuwa laini upande wa lenzi, nikafungua skrubu, nikageuza kioo, na lenzi ileile kwa f/5.6 ikanipa kope.