Chatiboti inaitaja tovuti yako mara ngapi? Tunavyodhani na ilivyo

Asubuhi moja bosi wa kampuni ndogo ya kupandisha watalii Kilimanjaro, hapa Moshi, alinitumia picha ya skrini kwa WhatsApp. Chini yake aliandika: "Dogo, tazama! ChatGPT inatutaja wa kwanza!" Mimi ndiye ninayemtunzia tovuti. Nikachukua simu yangu, nikaiuliza chatiboti hiyo ya akili mnemba swali lile lile, neno kwa neno. Zikaja kampuni tano, yake haimo. Nikarudia. Safari hii ilikuwemo, ya nne, bila kiungo. Shemeji yake aliyeko Hamburg akauliza kwa Kijerumani: akapewa maelezo yaliyofanana mno na ukurasa wetu wa njia ya Lemosho, ila kiungo kilikuwa cha tovuti ya watu wengine.

"Sasa tunatajwa au hatutajwi?" bosi, huyo mzee, akauliza.

Tangu siku hiyo nimekutana na wengi wanaodai kuwa na jibu la swali hilo, wakiwa na asilimia mkononi. Nyingi ya asilimia hizo zimesimama juu ya dhana ambazo hazishiki maji.

"Nimeuliza mwenyewe, nikajiona"

Hii ndiyo dhana mama. Tumezoea Google ya zamani, ambako mimi nikitafuta na wewe ukatafuta, tunachokiona hakipishani sana. Chatiboti haiendi hivyo. Jibu huundwa upya kila mara, neno baada ya neno, na katika kuchagua neno linalofuata kuna bahati nasibu iliyowekwa makusudi. Kabla ya hapo programu huamua ama itafute kwenye intaneti ama ijibu kwa yale iliyokwisha kujifunza. Ikitafuta, mara nyingi hulivunja swali lako kuwa maswali madogo kadhaa, na si lazima yawe yale yale ya jana. Halafu kuna kumbukumbu ya akaunti. Mzee ameiuliza ChatGPT habari za kampuni yake kwa miezi, inamjua. Kujiona kwenye simu yake mwenyewe ni kama kusifiwa urembo na mama mzazi.

Kinachopimwa hapa ni uwezekano, na uwezekano hupimwa kwa kurudia. Hesabu yake haina siri. Ukiuliza mara 10 ukatajwa mara 3, umepata asilimia 30, lakini kwa kipimo cha kawaida cha wanatakwimu ukweli unaweza kuwa popote kati ya 11 na 60. Ukiuliza mara 50 ukatajwa 15, asilimia ni ile ile 30, ila sasa uko kati ya 19 na 44. Ukifika mara 400, ukatajwa 120, unabaki kati ya 26 na 35. Kwa hiyo anayekuja na maswali kumi akasema "mwezi jana asilimia 30, mwezi huu 40, tumepanda", hajakuambia kitu. Huenda mmeshuka.

Na kurudia swali moja mara 400 si sawa na kuuliza maswali 400. Ukilikaririsha swali moja utalijua swali hilo tu. Hapa ndipo wengi huharibu kazi, maana maswali wanayatunga mezani: "kampuni bora ya Kilimanjaro", "bei nafuu Kilimanjaro". Mteja haulizi hivyo. Sisi tulirudi kwenye barua pepe na WhatsApp za miaka miwili, tukachambua watu walichouliza kweli kabla ya kulipia: Machame au Lemosho kwa mtu asiyewahi kupanda mlima? Februari kuna mvua? Bakshishi ya wapagazi ni kiasi gani, na anakabidhiwa nani? Mtoto wa miaka tisa je? Tukapata maswali ishirini yenye jasho la watu ndani yake. Yale yenye jina la kampuni tuliyaweka kando, kwa sababu ukimtaja mtu kwa jina lazima naye atajwe. Ukiyachanganya na mengine unajipandishia alama za bure.

"Kutajwa ni kutajwa"

Si kweli. Kuna roboti, yaani programu inayozunguka ikisoma kurasa yenyewe, kufika kwenye tovuti yako. Kuna maandishi yako kutumika katika jibu. Kuna jina lako kutamkwa. Kuna kiungo chako kuwekwa kama chanzo. Kisha kuna mtu wa nyama na damu kubofya. Haya ni mambo matano, na kila moja laweza kutokea bila mwenzake. Shemeji wa Hamburg alipata la pili bila la tatu wala la nne. Mimi kwenye simu yangu nilipata la tatu bila la nne. Anayekuuzia namba moja iliyoyajumlisha yote anakuuzia pilau na juisi kwenye bakuli moja.

Umbali kati ya kiungo na mbofyo ndio unaouma zaidi. Pew Research Center, taasisi ya utafiti ya Marekani, ilifuatilia matumizi ya intaneti ya Wamarekani wazima 900 mwezi Machi 2025. Google ilipoweka muhtasari wa akili mnemba juu ya matokeo, watu walibofya kiungo cha kawaida katika asilimia 8 ya mara walizotafuta. Usipokuwepo muhtasari, asilimia 15. Waliobofya kiungo kilichomo ndani ya muhtasari wenyewe? Asilimia 1. Kwa hiyo tovuti inaweza kutajwa kila siku na mapokezi yakabaki matupu. Hilo halina maana kwamba kutajwa ni kazi bure, kwani mtu anaweza kuliona jina leo akalitafuta kesho. Lina maana kwamba safu mbili hizi ziandikwe mbalimbali kwenye daftari.

"Google Analytics itaniambia"

Zana hiyo ya kuhesabu wageni wa tovuti itakuambia kidogo. ChatGPT huambatisha alama ya utm_source=chatgpt.com kwenye viungo vingi inavyotoa, hivyo wageni wengine huja na barua ya utambulisho mkononi. Chatiboti nyingine kama Perplexity, Copilot na Gemini nazo huonekana kwa majina ya tovuti zao mtu akitokea kwenye kivinjari. Lakini anayebofya ndani ya programu ya simu mara nyingi hufika bila kuonyesha alikotoka, naye huingizwa kwenye kapu la waliokuja moja kwa moja. Aliyeliona jina akalichapa mwenyewe hutamjua kamwe. Namba hiyo basi ichukulie kuwa sakafu: ni hao au zaidi.

Upande wa Google wenyewe kuna mtego mwingine. Mibofyo na maonyesho ya muhtasari wa akili mnemba vimekuwa vikihesabiwa katika Search Console, zana ya Google ya wenye tovuti, pamoja na utafutaji wa kawaida, kapu moja, bila safu yake. Mgeni aliyetoka kwenye muhtasari na aliyetoka kwenye orodha ya zamani wamevaa sare moja. Bing, injini ya utafutaji ya Microsoft, ndiyo iliyojitokeza mapema 2026 na ripoti ya majaribio katika zana zake za wenye tovuti, inayoonyesha ni mara ngapi kurasa zako zimetumika kama chanzo katika majibu ya Copilot. Ni hatua nzuri, ila ni dirisha la nyumba moja katika mtaa mzima.

"Roboti zao zimejaa kwenye seva, maana yake tunapendwa"

Wenye seva huziita boti (si zile za kwenda Unguja), na logi zetu, daftari la seva la kila anayeingia, zimejaa nyayo zao. Kabla hujafurahi, soma jina. GPTBot ya OpenAI, wenye ChatGPT, hukusanya maandishi ya kufunzia modeli. OAI-SearchBot huandaa faharasa ya utafutaji. ChatGPT-User huja pale mtu anapouliza na programu ikaamua kufungua ukurasa wako papo hapo. Anthropic, wenye chatiboti ya Claude, nao wana ClaudeBot, Claude-SearchBot na Claude-User kwa mgawanyo unaofanana na huo. Zile za kundi la kwanza hazisemi lolote kuhusu kutajwa leo. Za kundi la mwisho ndizo zilizo karibu zaidi na ushahidi, na hata hizo husema tu kwamba ukurasa umesomwa. Msomaji anaweza kufungua vitabu sita akataja viwili.

Tofauti yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Cloudflare, kampuni ya huduma za intaneti ambayo sehemu kubwa ya trafiki ya wavuti hupita kwao, walitoa uwiano wa Juni 2025: Google ilitambaa (roboti zake zilisoma kurasa) mara 14 kwa kila mgeni mmoja iliyemrudisha, OpenAI mara 1,700, Anthropic mara 73,000. Ukihesabu nyayo za roboti ukadhani ni sifa, umehesabu nzi ukadhani ni wateja.

Tena jina kwenye logi ni neno la mdomo tu. Mtu yeyote anaweza kuandika programu ikajiita GPTBot. OpenAI, kwa mfano, huchapisha orodha za anwani za IP (namba za kompyuta) za roboti zake, linganisha kwanza.

Na ukiwa umefunga mlango, jua ni upi. Nimeona watu waliomzuia Google-Extended kwenye faili la robots.txt, linaloziambia roboti zipi ziingie, wakashangaa bado wanaonekana kwenye muhtasari wa Google. Google-Extended si roboti inayotembea; ni neno la ruhusa linalohusu Gemini. Muhtasari wa kwenye utafutaji unafuata Googlebot, na ukimfungia huyo umejitoa kwenye Google yote.

"Si uiulize yenyewe?"

"Umeitaja tovuti yangu mara ngapi mwezi huu?" Itakujibu, tena kwa adabu, pengine na jedwali. Haina daftari hilo. Haioni mazungumzo ya watu wengine, na namba itakayotoa ni maneno yaliyopangwa yakafanana na namba. Mawakili wawili wa New York waliwasilisha mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT; mmoja wao alipoiuliza kama kesi hizo ni za kweli, ikamhakikishia. Juni 2023 jaji aliwatoza wao na ofisi yao faini ya dola 5,000.

"Tumelipia programu ya kupima, alama yetu ni 64"

Sitini na nne kati ya nini? Programu hizi si utapeli. Nyingine hufanya kazi ambayo kwa mkono ingekumaliza. Shida ni alama inayokuja bila maelezo. Muuzaji muulize: maswali aliyatoa wapi, kila moja huulizwa mara ngapi, kupitia programu ile ile wanayotumia watu au kupitia mlango wa wasanidi (API, ambako programu nyingine ndiyo huuliza), kutoka nchi gani. Majibu ya mlango wa wasanidi yanaweza kutofautiana kabisa na ya kwenye simu ya mtalii, hasa utafutaji wa intaneti ukiwa umezimwa. Akikwambia pia kwamba anajua swali fulani huulizwa mara ngapi kwa mwezi, hayo ni makadirio yake. OpenAI haitoi hesabu hiyo kwa umma.

Lugha wengi hata hawaifikirii. Wageni wetu ni Wajerumani, Wamarekani, Waholanzi, na siku hizi Watanzania wanaotaka kupanda. Ninapouliza kwa Kiswahili, mara nyingi jibu huja kwa Kiswahili safi huku vyanzo vyote ni vya Kiingereza, hata pale ambapo ukurasa wa Kiswahili upo. Ukipima kwa Kiingereza umepima Kiingereza.

Kuhusu llms.txt, faili la kuzielekeza chatiboti ndani ya tovuti ambalo kila mshauri sasa anauza: lilipendekezwa na Jeremy Howard, mtaalamu wa akili mnemba, Septemba 2024, na Google wamesema hawalitumii. Liweke ukitaka, halina madhara. Usilipie.

"Bora kutajwa"

Hapa ndipo mzee na mimi tulibishana sana. Yeye aliona kila kiungo ni ushindi. Mwaka 2025 BBC na Umoja wa Utangazaji wa Ulaya waliongoza uchunguzi wa majibu zaidi ya 3,000 kuhusu habari, katika lugha 14: asilimia 45 yalikuwa na angalau tatizo moja kubwa, na asilimia 31 yalikuwa na tatizo kubwa la vyanzo, mathalani kiungo kisichobeba kinachodaiwa. Machi mwaka huo huo kituo cha uandishi wa habari cha Tow cha Chuo Kikuu cha Columbia kilizijaribu zana nane kwa maswali 1,600, kikizitaka zitambue makala zilikotoka. Zaidi ya asilimia 60 ya majibu yalikosea. Kiungo chenye jina lako kinaweza kuwa kinakusingizia.

Kwa hiyo daftari letu lina safu ya ziada. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi tunauliza maswali yale ishirini, mara tatu kila moja, kwa chatiboti mbili, kwenye akaunti mpya zilizozimwa kumbukumbu. Majibu 120. Tunaandika jina lipo au halipo, kiungo kipo au hakipo, na kinachosemwa juu yetu ni kweli au si kweli. Mwezi uliopita safu hiyo ya mwisho ndiyo iliyotupa kazi: viungo kadhaa vilielekea kwenye ukurasa wa 2022 tulioufikiri umekwisha kufutwa, wenye bei ya zamani ya siku saba Machame. Ndipo mzee akakumbuka wageni watatu waliogombana naye ofisini kuhusu bei, kila mmoja akimwonyesha simu yake. Ukurasa tumeurekebisha jioni ile ile.

"Asilimia ni ngapi sasa?" aliniuliza tukifunga ofisi. Nikampa daftari asome mwenyewe.