Mfumo haujui chaguo ni nini: imani potofu kuhusu machaguo ya mstari wa amri

Programu yako ya terminali imeanza kufanya kazi. Sasa inabidi uamue mtumiaji ataipaje maagizo kwa machaguo, yaani maneno kama `-v`, `--mwezi 3`, `--toa ripoti.csv`. Hapo ndipo imani za kurithi zinapojipenyeza, na nyingi zina mzizi mmoja: kudhani kwamba kompyuta yenyewe inajua chaguo ni kitu gani.

"Kistari kikitangulia, Linux inajua kwamba hilo ni chaguo."

Haijui. Ukiandika `rm -f zamani.txt` ili kufuta faili, sheli, yaani programu inayopokea amri unazoandika, inaukata mstari huo penye nafasi, kisha programu inakabidhiwa orodha ya maneno matatu, basi. Kwa kerneli, yaani kiini cha mfumo, `-f` na `zamani.txt` hayana tofauti. Anayeamua kwamba moja ni agizo na jingine ni faili ni `rm` mwenyewe. Ndiyo maana `dd` hudai `if=` na `of=` bila kistari hata kimoja, `find` huweka kistari kimoja mbele ya neno zima kama `-name`, na `tar xf` hukubalika hivyo hivyo ilivyo. Kila moja imelelewa na desturi zake.

Jambo hili si la kinadharia. Kwenye Linux, nyota ya `rm *` haifiki kwa programu kabisa. Sheli huibadilisha kwanza kuwa majina ya mafaili yaliyomo kwenye folda. Sasa mtu akiacha humo faili linaloitwa `-rf`, jina hilo litaingia kwenye orodha pamoja na mengine, na `rm` italisoma kama agizo la kufuta hata folda bila kuuliza. Kinga yake ipo ndani ya POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya jamii ya Unix: vistari viwili vitupu, `--`, humaanisha kwamba machaguo yamekwisha na kila kinachofuata ni jina tu. Andika `rm -- *`, au `rm ./*`, na hatari hiyo inaondoka.

Mwaka 2017 Git, Mercurial na Subversion, programu za kutunza matoleo ya msimbo, zote zilitolewa marekebisho ya usalama kwa sababu ya jambo hili hili. Mtu aliweza kutengeneza anwani ya `ssh://` ambayo jina la seva ndani yake linaanza na kistari. Programu hizo zililipitisha jina hilo kwa `ssh`, chombo cha kuunganisha na kompyuta ya mbali, jinsi lilivyo, nayo `ssh` ikalipokea kama chaguo. Miongoni mwa machaguo ya `ssh` kuna `-oProxyCommand`, ambalo huendesha amri yoyote utakayoliandikia. Kwa hiyo ikiwa chombo chako kinaita chombo kingine na kukipa neno lililotoka kwa mtu usiyemjua, tanguliza `--` pale kinapoeleweka, au kataa neno lolote linaloanza na kistari. Mimi hufanya yote mawili.

"Kila herufi ina maana yake rasmi."

Eti `-h` ni msaada na `-v` ni maelezo marefu. Jaribu `df -h`: utapewa ukubwa wa diski kwa vipimo vinavyosomeka na binadamu. `grep -v` hugeuza utafutaji, ikakuonyesha mistari isiyolingana. Kwa `ssh`, bandari hutajwa kwa `-p`; kwa `scp`, ndugu yake wa kunakili mafaili, ni `-P` kubwa, kwa kuwa ndogo ilikwishapewa kazi ya kuhifadhi tarehe za mafaili. POSIX inapanga umbo tu: herufi moja baada ya kistari, na zile zisizobeba thamani zinaweza kuunganishwa. Desturi za GNU, mradi ulioandika zana nyingi za Linux, ndizo zinazotaka kila programu ijibu `--help` na `--version`, na hizo mbili usizinyime nafasi. Zilizobaki ni zako. Herufi fupi zigawe kwa uchoyo: ukishaipa moja kazi, kuna skripti ya mtu mahali fulani inayoitegemea, na hutaweza tena kuirudisha.

Wengine watakwambia mpangilio wa machaguo haujalishi. Kwenye Linux wana haki kiasi, kwani maktaba ya GNU huyapanga upya, kwa hiyo `ls mauzo -l` inafanya kazi. Peleka amri hiyo hiyo kwenye macOS uone: `ls` italalamika kwamba hakuna faili linaloitwa `-l`. Na ndani ya herufi zilizounganishwa, mpangilio unajalisha kokote uliko. Kwa `tar`, inayofungasha mafaili, `-czf` ni sawa. Lakini `tar -cfz` huifanya `f` imeze ile `z` kama jina la faili, nawe unajikuta na kifurushi kinachoitwa `z`.

"Chaguo ambalo thamani yake ni ya hiari humrahisishia mtumiaji."

Humtega. Chukua `mysql -p`, amri ya kuingia kwenye hifadhidata. Ukiliacha hivyo, programu inakuuliza nenosiri. Ukiandika `-pduka`, `duka` ndilo nenosiri. Ukiweka nafasi, `-p duka`, basi `duka` limekuwa jina la hifadhidata na nenosiri utaulizwa. Nafasi moja tu imebadilisha maana yote, na haikuwezekana vinginevyo: kama thamani ni ya hiari, programu haina njia ya kujua iwapo neno linalofuata ni la chaguo hilo au limejisimamia lenyewe. `ls --color auto` nayo hutafuta faili liitwalo `auto`; sharti uandike `--color=auto`. Nionavyo, tenga machaguo mawili, moja lenye thamani ya lazima na jingine lisilo nayo kabisa.

Wanaotumia Python wana mtego wao. Moduli ya argparse, inayosoma machaguo kwa niaba yako na iliyoingia rasmi na matoleo ya 2.7 na 3.2, hukuruhusu kutaja aina ya thamani, kwa hiyo wengi huandika `type=bool` wakitegemea kwamba `--tuma False` itazima utumaji. Itauwasha. argparse hulipitisha neno hilo kwenye `bool()`, na kwa Python maandishi yoyote yasiyo matupu ni kweli, hata yakisema "False". Tumia `action="store_true"`; tangu 3.9 ipo pia `BooleanOptionalAction`, inayokupa `--tuma` na `--no-tuma` kwa pamoja.

Moduli hiyo hiyo, usipoizuia, hukubali pia vifupisho. Umetangaza `--mwezi`, mtumiaji akaandika `--mwe`, kazi ikaenda. Mwaka unaofuata unaongeza `--mwelekeo`, na skripti yake inaanza kugoma kwa sababu `--mwe` sasa ina maana mbili. Wewe hukufuta chochote, umeongeza tu! Weka `allow_abbrev=False` tangu toleo la kwanza.

"Nenosiri likiwa kwenye chaguo, ni siri ya anayeliandika."

Kwenye Linux ya kawaida, mtumiaji yeyote wa mashine hiyo anaweza kuendesha `ps aux`, inayoorodhesha programu zinazoendeshwa, na kusoma mstari mzima wa amri ya mwenzake, `--nenosiri` na kinachofuata. Baada ya hapo mstari huo unabaki kwenye `~/.bash_history`, faili la historia ya sheli. Kuna programu zinazofuta neno hilo kwenye kumbukumbu zikishalisoma, lakini katika sekunde ile ya mwanzo linaonekana, na historia ya sheli haiguswi. Chaguo la namna hii bora lisiwepo kabisa. Soma siri kutoka kwenye faili ambalo ni mwenyewe tu anayeweza kulifungua, au muulize kwenye terminali bila kuonyesha anachoandika, kazi ambayo Python huifanya kwa `getpass`. Ukitangaza `--faili-la-siri` badala ya `--nenosiri`, kitakachoonekana kwenye `ps` ni njia ya faili tu.