Mkato wa Kiingereza haufuati pumzi

Kazi yangu hapa Mwanza ni kuhariri maandishi ya Kiingereza: mikataba ya wasafirishaji wa minofu ya sangara, ripoti za miradi ya uvuvi, tasnifu za wanafunzi. Wengi wana msamiati wa kutosha, na sarufi yao si mbaya. Kinachowaangusha ni alama ya mkato, na chanzo ni ile kanuni ya shuleni kwamba mkato ni mahali pa kupumua. Anayesoma kwa sauti inamfaa. Anayeandika Kiingereza inampoteza, kwa sababu huko mkato unafuata muundo wa sentensi.

Tazama tangazo kama hili: "Fishermen, who have no life jackets, will not be allowed to leave the beach." Mwandishi alitaka kuwazuia wasio na maboya tu. Lakini mikato ile miwili imeyageuza maneno ya katikati kuwa maelezo ya ziada, kwa hiyo tangazo sasa linasema wavuvi wote hawana maboya na wote wamezuiwa mwaloni. Futa mikato yote miwili, katazo linawarudia wanaohusika. Kipimo changu ni kufunika kwa kidole maneno yaliyo kati ya mikato. Sentensi ikibaki na maana uliyoikusudia, iache mikato. Maana ikihama, ifute. Na ukishafungua kwa mkato, lazima ufunge kwa mwingine. Huu wa pili ndio husahaulika zaidi.

Pumzi hutudanganya pia kiima kinapokuwa kirefu. "The fish caught by small boats around Ukerewe, is brought to Mwanza every morning." Mkato huo hauna kazi. Kiima na kitenzi chake havitenganishwi na mkato mmoja, hata kiima kiwe na urefu gani.

Halafu kuna mazoea ya Kiswahili chenyewe. "Tulifika Kirumba saa kumi na mbili, sato walikuwa wameisha" ni sentensi safi kabisa. Kwa Kiingereza, "We reached Kirumba at six, the tilapia was finished" ni kosa. Weka nukta au nuktamkato, au ubakize mkato na uongeze "but" baada yake.

Mkato wa kabla ya neno la mwisho la orodha ndio wenye ubishi. Magazeti mengi ya Uingereza hayauweki. Vitabu vya Marekani huuweka. Mimi nasimama na wanaouweka, hasa kwenye mikataba, na sababu yangu ni kesi ya jimbo la Maine, Marekani. Sheria ya huko iliorodhesha kazi zisizolipwa saa za ziada, zikiwemo za mazao ya samaki, ikamalizia na "packing for shipment or distribution", bila mkato kabla ya "or". Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy wakadai kilichotajwa hapo ni kufungasha peke yake, iwe kwa kusafirisha au kwa kusambaza. Wao husambaza, hawafungashi. Mkato ungekuwapo, kusambaza kungekuwa kazi nyingine kwenye orodha, nao wasingekuwa na dai. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliona sheria ina utata, ikawapa haki madereva. Mwaka 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5.

Kwa hiyo mkataba wa minofu ukifika mezani kwangu, mkato huo nauweka hata mteja akipendelea mtindo wa Uingereza. Orodha ikibaki na utata, naivunja: kila kazi mstari wake.